Bendera Tatu za Bi Mwamvita

Jumatatu, 1 Julai 1974
Mwenyekiti wa ushirika wetu wa ushonaji, Mzee Nassibu, kanitamkia mbele ya watu. Sare za watoto wa shule zisipokuwa tayari kwa gwaride la Saba Saba, usimamizi wangu wa kazi za nje anapewa Lukumani. Lukumani! Maarifa yake yote ni baiskeli. Anawazungukia mafundi majumbani, anapiga hodi, anakunywa chai, anarudi na habari. Mimi sizunguki. Kila fundi nimempa bendera tatu za kupandisha juu ya nyumba. Nyeusi: kazi haijaanza. Nyekundu: imekwama. Nyeupe: imekwisha. Mimi nitakaa juu ya ghala na darubini ya kuazima. Kitambaa cheupe nimekikata kwenye jora la mashati. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 3 Julai
Bi Mwamvita wa mtaa wa Ng'ambo, ndiye mwenye kushona mashati yote, kapandisha zote tatu kwa pamoja. Kasema magoti yake hayataki ngazi kila siku, nichague mwenyewe ninayoitaka. Ukaidi mtupu. Lakini uani kwake naona watu wengi wameketi. Bila shaka kaita wasaidizi. Lukumani kaomba ruhusa ya kwenda kutazama. Nimemkatalia.

Ijumaa, 5 Julai
Lukumani kaenda hivyo hivyo, mjuaji. Kaniuliza, katika Unyamwezi hii nzima, nani asiyejua kwamba nyeupe, nyekundu na nyeusi ni nguo za mganga? Wapita njia, wakimaanisha mganga, waliuliza kama fundi yumo. Majirani wakajibu yumo, tena fundi hasa. Basi wakaingia. Mama mmoja katoka Ziba na kuku na maumivu ya kiuno. Bi Mwamvita kawaapia kwamba yeye ni mtu wa sala tano, ufundi wake ni cherehani. Wakanong'onezana kuwa mafundi wakubwa ndivyo wanavyojificha. Tangu juzi hajashona hata kola.

Mzee Nassibu kaniita mpumbavu. Nimemjibu kuwa bendera hazina kosa, wasomaji ndio wabovu.

Jumamosi, 6 Julai
Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu. Nikatoa shikamoo, Bi Mwamvita hakuitikia marahaba, kanionyesha sindano. Kachoka kubishana na wagonjwa, kawaambia dawa yao ni kushona vifungo na kukunja pindo, kimya kimya, mpaka jua lizame. Walishona kwa imani kubwa. Yule wa Ziba kasema kiuno kimeachia. Shati moja tu lilikosa mgongo, kitambaa hakikutosha. Bi Mwamvita kanitazama, kashusha bendera yangu nyeupe, kaitia mkasi.

Jumapili, 7 Julai
Gwaride limepita, sare zote zimetimia. Shati la mtoto wa mwisho kabisa lilikuwa na tundu katikati ya mgongo, pale mti wa bendera ulipopita. Mzee Nassibu kaliona, kaelewa jora lilikatwa na nani. Kazi kapewa Lukumani, pale pale uwanjani.

Nimemwambia Mzee Nassibu ukweli wake. Nyeupe maana yake kazi imekwisha, na nyeupe imepita mbele ya macho yake ikipiga saluti. Mpango umefanya kazi!

Sijashindwa. Kosa lilikuwa rangi, kila mtu anazisoma anavyotaka. Kesho alfajiri naanza na ngoma, juu ya ghala, na mafundi watanijibu kwa ngoma zao. Katika Tabora hii ngoma haiwezi kumchanganya mtu.