Gharama za Kukata Umeme

Injinia hajawahi kushika bisibisi tangu azaliwe. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya helmeti yake ya manjano na kizibao cha kung'aa, vitu viwili vilivyomlisha vizuri hadi mwezi huu wa balaa. Sasa mwenye nyumba wake alikuwa amemwapia: kodi leo jioni, la sivyo godoro nje. Fedha yenyewe alikuwa nayo mfukoni, tena kamili, ila ilimuuma kuitoa.

Ndipo akaona nyumba inaezuliwa. Vibarua wawili walikuwa juu wanashusha mabati, na chini mama mmoja mnene anawaelekeza kwa sauti ya kiwanja kizima. Nyumba ya kubomolewa hiyo, Injinia akajiambia, na mate yakamjaa.

Akamwamkia kwa adabu zote, akamuuliza kama amekatiwa umeme, maji na maji taka kabla ya kubomoa. Mama akasema hapana, kwani lazima? Injinia akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Akamweleza gharama: ada ya kukata, ada ya kukagua kilichokatwa, ada ya kuziba bomba, na ya kung'oa mita, ambayo peke yake ilimkalisha mama juu ya tofali. Bila hivyo, tingatinga likigusa waya mtaa wote unaungua, na atakayefungwa ni yeye.

"Mwanangu, nisitiri," mama akasema. "Hela sina. Nina milango na madirisha haya tu, nauza."

Injinia akaitazama milango: mbao ngumu, nzito, za zamani. Jamani, tamaa! Akasema kwa kuwa yeye ana roho ya huruma, gharama zake zikatwe humo humo kwenye bei ya milango. Mama akakubali, ila aongezewe kidogo, maana mali ni mali. Kidogo hicho kikafika sawasawa na kodi ya mtu. Wakavutana, mama akatoa machozi, Injinia akatoa fedha. Kwa mbali hata alimwonea huruma, kwa jinsi anavyomwibia mama wa watu.

Aliporudi na mkokoteni wa kubebea milango, mama hayupo, vibarua hawapo. Mlangoni alisimama mzee mmoja na sanduku la safari, ametoka kumwona mjukuu aliyezaliwa, na sasa anatazama mawingu juu ya sebule yake. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine na fimbo.

"Na wewe ni nani?" mzee akauliza.

Mnunuzi wa milango? Thubutu! Angekula kichapo cha kufa mtu.

"Wa umeme, mzee wangu."

"Afadhali. Waya unaning'inia juu ya kitanda changu, unatoa cheche. Panda ukaukate."

Injinia akasema hana vifaa. Jirani akaleta plaisi. Akasema gharama zake ni kubwa mno. Mzee akasema atalipa. Ngazi ikasimamishwa, akapanda. Alipofika juu akamwona mama yule yule, mtaa wa pili tu, anawapandisha vibarua wale wale kwenye paa jingine, pochi kwapani. Kodi yake ile pale! Lakini akipiga kelele, ataulizwa wanajuana wapi. Akataka kushuka. Chini, wanaume wanne walikuwa wameing'ang'ania ngazi kwa wema kabisa, wanamwambia asiogope, akate tu.