Hotuba ya Kuzindua Ukuta wa Ushirikiano wa Watoto wa Chekechea

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu wake, ambaye naona amekaa mbele kuliko Mwenyekiti, na hilo tutaliangalia. Ndugu Afisa Ugavi. Ndugu Kaimu wa yule ambaye hayupo. Ndugu mshika kipaza sauti. Mwalimu wa chekechea, mpishi, wazazi, na ninyi watoto wazuri mliokaa mkekani: kwa kuwa muda hauturuhusu kumtaja kila mtu, naomba itifaki izingatiwe, nami nimalizie kwa kujitaja mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Malezi Shirikishi. (Makofi. Mshika kipaza sauti anaendelea kupiga peke yake.)

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya pazia hili la buluu kuzindua Mradi wa Pailoti wa Ukuta wa Ushirikiano, ambao kwa mujibu wa stratejia yetu utawawezesha watoto kuchora picha moja kubwa kwa pamoja, huyu akishika brashi, yule akishika kopo, mwingine akisubiri zamu yake bila kumvuta mwenzake shati, ili wajenge kapasiti ya kushirikiana wakiwa bado wadogo, kabla hawajawa kama mimi na ninyi. (Vicheko.) Nilimaanisha, kabla hawajakua.

Mwalimu wenu alinijia ofisini zaidi ya mara moja. Alisema watoto wanagombania kila kitu, akaomba rangi na brashi, basi. Nikamwambia, mama, usiwe na haraka, ushirikiano hauendi kwa rangi, unaenda kwa mchakato. Nikaunda Kamati ya Rangi na Kamati ya Brashi. Kamati ya Brashi, kwa umakini mkubwa, ikakataa kununua brashi kabla ya kuiona rangi, isije ikaleta brashi zisizoendana nayo. Kamati ya Rangi, kwa umakini uleule, ikakataa kununua rangi kabla ya kuziona brashi. Na hadi ninapozungumza kamati zote mbili zimetekeleza majukumu yao kwa asilimia mia moja na nne, na hazisalimiani. (Minong'ono.)

Vilevile tuliona si haki kuwafundisha watoto jambo ambalo sisi hatujalijaribu. Wakuu wa vitengo tukajifungia hotelini kwenye warsha, tukapewa karatasi moja kubwa, tukaambiwa tuchore tembo mmoja kwa pamoja. Lilikuwa zoezi zito. Kila mtu alitaka kichwa. Afisa Ugavi alipoambiwa achore mkia, akauliza, kwa cheo gani? Mimi mwenyewe nilishindwa kuchora mguu, kwa sababu mguu unakaa chini. Tembo wetu akatoka na vichwa sita, hana pa kusimamia, na mwezeshaji akatuambia tumefaulu. (Kicheko kirefu. Mpishi anajifuta machozi kwa aproni.)

Naona pazia linatikisika. Msiwe na wasiwasi, huo ni upepo wa maendeleo. (Mkekani wamebaki nusu ya watoto.)

Sasa niseme jambo gumu. Afisa Ugavi ana viti vibovu ambavyo havina pa kuwekwa, na amependekeza kwamba ukuta huu usipoonyesha leo matunda ya ushirikiano, chumba hiki kigeuzwe stoo na watoto warudi nyumbani. Nimekubali kimsingi. (Mwalimu amemshika mpishi mkono. Mtoto wa mwisho anaondoka mkekani.) Mwalimu, usinitazame hivyo, hata mimi linaniuma. Lakini picha ipo. Nimehakikishiwa na kamati zote mbili, nazo zilihakikishiwa na mimi. Navuta pazia.

(Anavuta. Ukutani kuna mtu mkubwa aliyechorwa kwa mkaa, ameshika kipaza sauti, mdomo wazi. Chini yake watoto wamejipanga, mikono myeusi hadi viwikoni.)

Huyu ni nani? (Watoto: "Wewe.") Nani amechora mdomo? (Mtoto: "Tulikuwa watano. Mmoja hatoshi.") Na nani alikubali kuchora viatu? (Mtoto mdogo kuliko wote: "Mimi. Kipande changu cha mkaa kilikuwa kidogo.") Hukutaka kichwa? ("Kichwa kilikuwa na wenyewe.") Mkaa mmeupata wapi? (Mpishi anatazama dari.)

Ndugu zangu, sura yangu wameipatia. Hata kifungo kilichokatika wamekiona, na mke wangu hajakiona. Sijui niseme nini, na hilo halijawahi kunitokea. Afisa Ugavi, nakuuliza mbele ya watu: unaweza kurundika viti vibovu mbele ya uso wangu? (Afisa Ugavi: "Hapana, Mkurugenzi.") Basi chumba hiki ni darasa, na picha hii haifutwi. (Vigelegele. Mwalimu analia na kucheka kwa pamoja.)

Ushirikiano! (Juu!) Rangi! (Kimya.) Brashi! (Kimya.) Mkaa! (Juu! Juu! Juu!)

Kwa kumalizia, nazishukuru kamati zetu kwa kutoleta chochote cha kuwavuruga watoto. Nawashukuru wafadhili wa mradi, ambao tulipanga kuanza kuwatafuta wiki ijayo. Namshukuru mpishi, mpaka sasa mtu pekee aliyetoa kifaa. Natangaza kwamba mradi umezinduliwa na umekamilika, na kwa kuwa umekamilika, hatuna tena haja ya kuuanzisha. Asanteni, na watoto wakanawe mikono.