Makala Inaendelea Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 5 Mei
Mvua. Mtaa wetu wa Bwaise wote matope. Jirani yangu Hajji Sulaimani ameketi barazani, anagawa elimu ya dawa aliyoiona kwenye televisheni. Mpangaji mpya amemwita “musawo”, kama daktari wa kweli. Musawo! Mtu aliyeendesha gari la polisi maisha yake yote! Mimi, niliyefundisha Kitgum hadi vita viliponihamisha, ninayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, naitwa Mzee Makaratasi. Hilo lazima lirekebishwe.

Jumanne, 6 Mei
Mpango umepatikana! Ocaya, mtangazaji wa mtaa, ana kizindalo: vipaza sauti viwili juu ya mlingoti, mtaa mzima unasikia. Hutangaza misiba na mbuzi waliopotea. Nimemweleza kwamba watu wanahitaji elimu ya dawa, tena ya gazetini, maana televisheni hukatikiwa na umeme na gazeti halikatikiwi. Amekubali, mradi nisikohoe kwenye maiki.
Makala ninayo. Maimunah, mke wa Hajji, muuza karanga, amenifungia karanga kwa ukurasa wa tatu wa gazeti: dawa za presha. Nyumbani Kitgum niliacha kabati zima la vitabu. Tangu hapo karatasi yenye maandishi siitupi. Nimepangusa chumvi. Nimetafsiri kwa Kiswahili safi.

Alhamisi, 8 Mei
Ushindi! Nimesoma kwa sauti ya darasani: mwenye presha akijisikia vizuri aache vidonge, atafune kitunguu saumu. Chini pameandikwa kwamba makala inaendelea ukurasa wa kumi na nne. Sikuona haja, jambo lilikwisha eleweka. Jioni vitunguu saumu vimekwisha dukani. Watoto wameniita musawo. Hajji amepita bila salamu. Wivu.

Jumamosi, 10 Mei
Maimunah amekuja mbio. Hajji hajameza vidonge vyake vya presha tangu Alhamisi. Eti amesema hata Mzee Makaratasi siku moja husema kweli. (Nilifurahi. Kidogo tu.) Sasa kichwa kinampasuka, anaona taa mbili mahali penye moja. Maimunah akauliza makala ilimalizikaje.
Tumepekua kapu lake la karanga. Ukurasa wa kumi na nne huo hapo! Unasema: hayo yote ndiyo watu wanayoambiana, na yote ni uongo. Presha hukaa kimya. Usiache dawa bila kumuuliza daktari.

Pikipiki ikaitwa. Hajji akang'ang'ania kiti. Akasema nilimwachisha dawa mbele ya mtaa mzima, basi nimrudishie mbele ya mtaa mzima, la sivyo hapandi. Mkaidi! Nikapanda ngazi hadi kwa Ocaya, nikashika maiki. Nilitaka kulaumu chumvi. Lakini nilimwona Hajji barazani, kichwa mikononi, na sina jirani mwingine wa kugombana naye. Nikasema: nilisoma nusu, nimewapotosha, rudieni dawa zenu, na wewe Hajji, panda pikipiki. Nikakohoa kwenye maiki.
Akapanda.

Jumapili, 11 Mei
Amewahi! Nesi Aciro wa kliniki amesema angechelewa zaidi tungezungumza mengine. Hajji amerudi nyumbani, vidonge mfukoni, ananiita mwalimu. Mara ya kwanza.
Ajabu zaidi: Nesi Aciro mwenyewe amekuja kwenye kizindalo na kipimo chake cha presha. Foleni hadi kwenye mtaro! Waliokuwa hawajawahi kupimwa wamepimwa. Mama mmoja amekiri hewani kwamba hugawana vidonge na dada yake. Amejibiwa kwa upole. Hajji akaongeza aliyoyaona kwenye televisheni, nikamsahihisha mara moja tu.
Nimemwapia Maimunah, mkono kifuani: sitatangaza tena makala yoyote isiyo na mwisho.

Jumanne, 13 Mei
Karanga tena. Nimekunjua karatasi kwa makini. Ukurasa wa kumi na nne, wa gazeti jingine! “…kwa hiyo vimezwe vyote mpaka viishe, hata ukipata nafuu.” Kisha nukta, kisha jina la daktari. Mwisho kamili! Mwanzo umebaki kwenye karanga za mtu mwingine. Ni vidonge gani, haijasemwa. Lakini kiapo kilihusu mwisho, na mwisho ninao. Nimekwisha mwambia Ocaya awashe mitambo jioni. Nitasoma hivyo hivyo. Kila mtu atajua vyake.