Vita vya Gauni la Samawati Dukani kwa Mzee Zoumana

Zimeni redio, sogezeni bakuli kando, na mwenye kikohozi akakohoe kwa jirani! Nawasimulia vita ambavyo Bamako yetu haijaona mfano wake tangu wafalme waliposhuka farasini: vita vya Nthabeleng binti wa Lesotho, Simba-jike wa Maktaba, Mwenye Madaftari Saba, dhidi ya Zoumana Traoré, Jabali la Sindano, fundi cherehani wa mtaa wetu. Na nyara iliyogombewa ilikuwa gauni moja.

Lilikuwa gauni la Nthabeleng la kuvaa kwenye harusi ya dada yangu Nanténin. Kitambaa kilikatwa kutoka jora moja, samawati yenye ndege weupe, na kila mtu wa nyumba ya Diarra angekivaa Jumapili; asiyekivaa angeketi na wageni. Nthabeleng alikuwa akilala chumbani mwangu kwa miezi minane, na baba yangu alimpa jina la Diarra mbele ya watu. Alichokiogopa kuliko mtihani ni kutokea kwenye picha na sketi yake ya kijivu, kama mpita njia.

Shujaa wetu alikuja kusoma sayansi ya jamii. Mila zetu alizijua zote, kwa kurasa. Kwamba akina Diarra na akina Traoré ni watani wa kuitana 'wala maharage', hilo alikwisha kuliandika kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari. Basi Jumatatu tukaingia dukani, naye fundi, mzee wa miaka sabini mwenye ndevu nyeupe kama pamba, akanguruma:

"Lo! Wala maharage wawili mlangoni kwangu! Nani kawafungulia kamba?"

Mimi nikamjibu kwamba tumefuata harufu ya maharage yake. Nthabeleng akainamisha kichwa, akakutanisha viganja.

"Nisamehe, Baba, kama nimekukosea."

Cherehani ikanyamaza. Mzee akamtazama kama mtu aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani. Akachukua gauni, lililokuwa tayari, naapa, hadi vifungo, akalitundika kwenye msumari wa juu kabisa.

"Halijaisha. Rudi kesho, bibie mgeni."

Jumanne likawa halijaisha. Jumatano shujaa akazidisha adabu, akapiga goti. Gauni likawa limepungukiwa mikono, ile ile tuliyoiona sote ikining'inia. Ijumaa akaleta sukari ya kumtuliza mzee. Mzee akamrudishia, macho yamemlowa kwa uchungu.

"Mtukane," nikamwambia njiani.

"Yule? Rika la babu yangu?"

"Ndiyo maana. Usipomrudishia utani, unamwambia si ndugu yako."

"Kwetu ningechapwa."

"Kwenu hawakushonei gauni, shoga."

Jumamosi alasiri majeshi yakakutana. Wanawake sita walikuwa wanangoja nguo zao, mashahidi wa kutosha kwa vita vyovyote.

"Karudi!" akasema mzee. "Mla maharage wa kuazima! Diarra wa karatasi!"

Hapo nikaona shingo ya Nthabeleng ikinyooka. Malezi yote ya Lesotho yalimshika ulimi, naye akauchomoa.

"Ewe Zoumana Traoré! Wiki nzima hatuisikii cherehani yako, kwa maana tumbo lako limejaa maharage, linanguruma kuliko mota! Kuku wanakukimbia, punda wanakuonea aibu! Teremsha gauni langu, mwizi wa maharage wee!"

Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa khanga. Kisha mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka, akatoka barabarani akipiga makofi: "Jamani, njooni! Diarra kanitukana! Mwanangu kanitukana!" Na gauni likashuka msumarini, limepigwa pasi. Tangu Jumatatu.

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika, watoto wakariri shuleni, jiwe lisimamishwe pale penye mtaro: siku hiyo binti mmoja alimwita mzee mwizi wa maharage, na dunia ikasonga mbele.

Jumapili, katikati ya ngoma, mama yake Nthabeleng akapiga simu kutoka Maseru, akasimuliwa ushindi.

"Mzee wa watu umemwita nani?"

"Mwizi wa maharage, Mama."

"Nthabeleng! Kamwombe radhi sasa hivi!"

Shujaa akamtazama Mzee Zoumana, aliyekuwa anampungia ngumi kwa furaha kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Simwombi, Mama. Leo simwombi, na kesho simwombi."