Mwiko wa Odilia na Kinanda cha Pentekoste

Jumatatu, 18 Mei 2026
Nimeamka vidole vitatu vimekufa ganzi. Tena! Mkono wa kulia, ule wa kinanda. Jana kwenye Misa nimebonyeza noti ambazo mtunzi hakuziandika. Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa kwaya, amesema kwa upole kwamba nikiharibu tena mazoezi ya Jumamosi, Pentekoste atapiga Fulgence. Fulgence! Kijana wa juzi. Kiti kile nimekikalia miaka kumi na tisa.

Jumanne, 19 Mei
Zahanati. Aikande, mtaalamu wa viungo, anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, maana nalala nimekikunja. Nivae gango usiku, kile kifaa cha kushikilia kiungo. Linyooshe kifundo, liwe laini, lisikaze. Kidole kipite chini ya mkanda. Akanionyesha moja la kijivu. Soksi tupu! Nimeshukuru, nikaondoka. Nitatengeneza langu.

Jioni. Nimepata! Mwiko wa Odilia, mke wangu. Mti wa mninga, umenyooka. Nimeufunga mkononi kwa mpira chakavu wa baiskeli, nikakaza hasa. Ugonjwa hauponi kwa kubembelezwa.

Jumatano, 20 Mei
Sijalala. Ganzi hadi kiwiko. Nimejigeuza nikamgonga Odilia kwenye paji la uso. Mbaya zaidi, fundo limegoma kufunguka kwa mkono mmoja. Nikavaa koti. Katika joto la Ifakara!

Odilia alikuwa anatafuta mwiko, maji ya ugali yanachemka. Nikasema labda panya. Akalitazama koti.

"Baba Edna, hebu kunja mkono."

Haukukunjika.

Amenifungua kwa kisu, akauosha mwiko, akarudi jikoni kusonga ugali. Nilitamani agombe. Nimemweleza ukweli: naogopa. Bila kinanda, pale kanisani mimi ni mzee wa benchi la nyuma tu. Ameondoka na baiskeli, akarudi na lile la kijivu. Akanivalisha mwenyewe, akapitisha kidole chini ya mkanda.

Jumamosi, 23 Mei
Usiku wa tatu nalala fofofo. Mazoezi safi. Mama Wilhelmina ameitikia kwa kichwa kwa furaha. Fulgence amepewa kazi ya kunifunulia kurasa.

Jumapili, 24 Mei
Pentekoste! Vidole vyote kumi vimeitika. Odilia alifuta machozi kwa kanga. Nimejifanya sijaona, kumbe na mimi yalinilenga. Fulgence amekuja kunipongeza, akauliza siri. Nimemwambia ni kipaji.

Jumanne, 26 Mei
Nimepona. Gango nimelitundika msumarini. Odilia ameuliza kama Aikande kaniruhusu. Nimemwambia mkono ni wangu.

Alhamisi, 28 Mei
Vidole viwili vina ganzi kidogo. Ni hali ya hewa. Au lile gango lilikuwa laini mno, halikuniponya sawasawa.

Odilia amenunua mwiko mpya, mpana kuliko ule. Ameuficha juu ya kabati, nyuma ya sufuria la sikukuu. Nimeuona. Nimefikiri sana leo: kosa la juzi halikuwa mwiko. Ni mpira. Safari hii nafunga kwa katani.