Gari Lililolia Kila Likienda Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Gari linavuta kushoto. Humu naandika ukweli. Nje nasema ni upepo.

Jekundu, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba nikishuka ni kama natoka kwenye beseni. Likinguruma, glasi za kabatini zinagongana. Mimi ni fundi cherehani, nina tumbo na miwani, na hakuna kitu chenye kasi kilichowahi kunitaka mpaka nilipolipata hili. Ila ukiachia usukani tu, linakwenda zake kushoto kama punda aliyeona majani. Tairi la mbele limelika upande wa ndani hadi nyuzi zinachungulia.

Na Jumamosi mama mkwe anatoka hospitali! Ametolewa mtoto wa jicho. Miaka yote analisikia gari hili, hajawahi kuliona sawasawa. Amemtuma mke wangu aniambie: anataka kurudi nyumbani na huyo simba wa mkwe wake.

Shemeji, kaka yake mke wangu, kasema mama yake hapandi simba, atapanda gari lake. Jeupe, kubwa, kimya. Friji lenye magurudumu.

Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu kasema nilipeleke kwa Milimita, fundi wa alaimenti nyuma ya kituo cha mafuta. Ana mashine ya kusoma magurudumu yamekaaje. Nimekataa katakata. Mwezi jana aliniona napita, akawaita wateja waje kumwona kaa anakwenda sokoni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alikuwa amevaa suruali niliyoshona mimi!

Halafu nikapata wazo. Kunyoosha magurudumu ni nini? Ni kupima. Na nani anapima watu katika mtaa huu? Magurudumu mawili ya mbele ni miguu miwili ya suruali. Basi.

Mke wangu kauliza kama nalikumbuka koti la kaka yake, lile lenye mkono mmoja mrefu. Nikamwambia mkono wa kaka yake ndio mfupi.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi imefanyika! Nilinyanyua gari kwa jeki, maana likiwa chini tumbo langu haliingii uvunguni. Mke wangu akashika ncha moja ya futi, mimi nyingine. Tukapima kati ya matairi upande wa mbele, tukapima upande wa nyuma. Nikalegeza nati za vyuma vinavyotoka kwenye usukani, nikazungusha, nikakaza. Nikaweka alama kwa chaki ya kushonea. Safi.

Mke wangu alipata grisi puani. Sikumwambia. Alipendeza.

Ijumaa, 7 Juni

Halivuti kushoto tena. Hilo lisisahaulike. Ila ili liende mbele, usukani lazima niukunje robo mzunguko. Na nikikata kona ya kulia, matairi yanalia. Si kidogo. Mbwa wa jirani kaingia chini ya kitanda.

Shemeji kapita, kauliza mbona usukani umelala ubavu. Nikasema magari ya kasi ndivyo yalivyo. Kasema kesho atakuja hospitali na gari lake, kwa usalama tu. Usalama!

Lakini nimepata dawa. Kona za kushoto halilalamiki sana. Na mtu akikata kushoto mara za kutosha, mwisho wa yote anafika kulia.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya siku.

Mama mkwe alitoka amevaa miwani myeusi. Mlangoni akaivua, akamshika mke wangu mashavu, akamtazama muda mrefu. Akamwambia amezeeka vizuri. Tukalia wote, hata shemeji, ingawa yeye alisingizia vumbi.

Kisha akaliona gari. Akalipapasa boneti. Akasema alijua tu kwamba ni jekundu, ngurumo ile haiwezi kuwa ya kijivu. Nimpe nini mama huyu?

Tukaondoka, mke wangu amekunjwa kiti cha nyuma kama kitambaa. Kushoto. Kushoto. Kushoto tena. Tukapita sokoni, tukapita mahakamani, tukapita hospitali tulikotoka. Shemeji nyuma yetu, taa zote zinawaka kama anasindikiza msiba. Mama alikuwa anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja kimoja, anacheka. Hata rangi za ndoo aliziita kwa majina.

Mkono umekufa ganzi, nikajikaza kisabuni. Ila geti letu liko kulia. Hapo sikuwa na ujanja. Nikakata. Matairi yakapiga yowe, majirani wakatoka.

Mama akasema taratibu, “Mwanangu, tuliliambia liende kulia. Hatukuliambia lilie.”

Mke wangu alicheka mpaka tukamvuta nje kwa miguu.

Mama akashuka, akaenda mbele ya gari, akainama na macho yake mapya. “Mbona matairi yanaangaliana pua kwa pua, kama yanataka kupigana?” Akanisogeza pembeni, shemeji asisikie. “Nimefurahi, baba. Lakini mimi jicho langu nilimwachia anayejua macho. Na wewe muonee huruma simba wako.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema ndiyo, mama.

Jumatatu, 10 Juni

Kwa Milimita. Kauliza nilipimaje. Nikasema kwa futi. Kauliza gari lilikuwa chini au kwenye jeki. Kwenye jeki. Akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Baadaye akaeleza kwamba gari likinyanyuliwa miguu inaning'inia, likishuka uzito unaipanga upya. Nikamwambia angesema mapema: suruali haipimwi kwa mtu aliyening'inia.

Akatoa bushi zilizokufa, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, akavalisha matairi mapya mbele, akaweka kwenye mashine. Akanionya nisiguse kitu tena, hasa kimo cha gari. Kimo na magurudumu ni ndugu wa tumbo moja, ukimgusa huyu umemchokoza yule.

Jioni nikamchukua mama na mke wangu. Kwenye barabara iliyonyooka nikaachia usukani kidogo. Likaenda mbele. Mbele tu! Mama akapiga vigelegele. Shemeji mwenyewe kaomba aendeshe siku moja. Nimemwambia nitafikiria.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimelitazama kwa pembeni. Kati ya tairi na bodi ngumi inapita. Haifai. Koti zuri hubana kiuno. Milimita ni fundi, sikatai, lakini kwenye mambo ya mitindo anajua nini? Springi zinazolibeba gari juu ni chuma tu, na kilichozidi hukatwa, kama pindo.

Nimenunua msumeno.

Mke wangu kauliza kelele za uani ni za nini. Nimemwambia nanoa mkasi. Kaleta kiti, kakaa kunitazama, kidevu mkononi. Mke mwema sana.

Springi ya kwanza imekatika vizuri kabisa.