Kigingi Kinachotembea

Gasto alikuwa amepiga magoti, akigongomea kigingi chekundu mbele ya mgahawa wa Redempta. Kichwani alivaa kofia ngumu, mwilini koti la kung'aa. Koti alilinunua mnadani. Kofia tusiiulize, huenda mwenyewe bado anaitafuta.

"Fundi, hicho kigingi si kimeingia kwenye kibaraza changu?" aliuliza Redempta, mwiko mkononi.

"Si mimi, mama. Ni ramani." Gasto alijipangusa jasho ambalo lilikuwa halijatoka. "Njia ya waenda kwa miguu inapita hapa. Kibaraza kinaondoka. Na hilo jiko."

Mtaa huu wa pembezoni mwa mji wa Singida aliuchagua siku ya mvua, alipoona watu wakienda kanisani na viatu mkononi. Aliyesubiri barabara muda mrefu, alijiambia, hamuulizi anayeileta ametoka wapi. Tusimhukumu upesi, hesabu yake haikuwa mbaya.

"Barabara ya maana tumeiomba tangu zamani," alisema Redempta. "Maji yanaingia mpaka jikoni. Mbona leo ghafla?"

"Mliomba vipi?"

"Tulilalamika."

"Kulalamika si kuomba, mama. Ombi linaanzia mkutano wa mtaa, linaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti analipeleka kata, kata inalifikisha kwa wahandisi. Na wahandisi wanapenda mtaa ulioanza wenyewe, walau kwa mtaro."

Yote hayo yalikuwa kweli. Gasto alijua kwamba uongo, kama mgeni, hupokelewa vizuri ukiongozana na mtu anayefahamika.

"Ila mimi ndiyo njia ya mkato," aliendelea. "Kigingi kinaweza kusogea. Lakini kusogeza ramani kunachosha, mama. Njaa inauma."

Redempta alifikiri kidogo, akaleta jogoo. Kigingi kikavuka barabara, kikasimama mlangoni kwa mzee Chediel, mwenye mashine ya kusaga.

Mzee alitoka na unga kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Maendeleo, mzee. Yanapita mlangoni kwako."

"Yapite kwa Redempta. Yeye bado ana nguvu, atajenga tena." Akaleta majogoo wawili.

Redempta naye hakukubali kushindwa, wala majirani zao. Kufikia alasiri kigingi kilikuwa kimevuka barabara mara nyingi kuliko mbuzi wote wa mtaa, na nyuma ya Gasto lilikaa tenga limejaa kuku wa kienyeji. Basi la jioni la Dodoma lilikuwa karibu kuondoka, na Dodoma kuku wa Singida hakosi mnunuzi. Gasto alifunga kamba ya tenga, akaweka mfuko wake juu yake, akawa anatafuta bodaboda.

Ndipo filimbi ikalia.

Watu walitoka majumbani na majembe, sururu na makoleo. Mbele yao alitembea mwenyekiti wa mtaa, mama Asnath, mwanamke wa sauti ndogo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Karibu, fundi," alisema. "Redempta kanieleza mafundisho yako. Mkutano tumeshafanya, muhtasari umeandikwa. Umebaki mtaro."

"Safi sana, mama! Mimi nitapita wiki ijayo kukagua."

"Aa, haiwezekani. Huku kwetu aliyepiga kigingi ndiye anayepiga jembe la kwanza. Na chochote kilichotolewa kabla ya msaragambo, kazi ya mtaa mzima, ni kitoweo cha wachimbaji." Aliligeukia tenga. "Redempta, maji yamechemka?"

"Yanatokota, mama."

"Kuku hao ni mali ya ofisi," alisema Gasto, akilikumbatia tenga.

"Ofisi ipi? Maana mtaalamu wa kweli huanzia kwangu, akasalimia, akajitambulisha. Wewe umeanzia kwa jogoo." Sauti haikupanda hata kidogo. "Kituo cha polisi kiko kule juu. Mtaro uko hapa. Chagua, mwanangu. Sisi hatumlazimishi mgeni."

Gasto alitazama kulia, akaona majembe. Kushoto pia majembe, tena mikononi mwa watu waliotoa majogoo. Akavua koti.

Mama Asnath mwenyewe alikipiga kigingi pale maji yalipozoea kupita, bila kumpendelea mtu, na kazi ikaanza. Gasto alichimba. Alilisikia basi la Dodoma likipiga honi barabara kuu, akachimba. Harufu ya mchuzi ilipomfikia, alimtambua jogoo wa kwanza, au alidhani hivyo. Walimpa shingo.

Jua lilipozama mtaro ulikuwa umepita mgahawa wa Redempta, ukakatiza barabara, ukabakiza hatua chache kufika kwa mzee Chediel. Mama Asnath akapiga filimbi.

"Tuishie hapo. Kesho asubuhi tunaendelea, na picha zitakwenda kata pamoja na ombi letu. Fundi, utalala kwangu. Mfuko wako umeshatangulia."

Watu walipotawanyika, mzee Chediel alisogea, akainama ukingoni.

"Fundi," alinong'ona, "kesho ukifika mlangoni kwangu, si unaweza kuupinda kidogo? Nina jogoo mwingine, mweusi. Huyo sikumtoa."

Gasto, akiwa amezama hadi kiunoni ndani ya mtaro, alikitazama kigingi. Kilikuwa karibu na mkono wake. Kisha akaitazama mikono yenyewe, ilivyochubuka.

"Mzee wangu," alisema, "nikikisogeza hiki leo, kesho nitakifuata kwa jembe."

Akajipandisha juu, akakiacha kigingi palepale.